Seva moja badala ya nne: mwongozo wa mashine pepe kwa SACCOS, zahanati na shule za Mtwara na Lindi

Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, malipo ya minada ya korosho yameanza kuingia, na baraza la SACCOS moja upande wa Masasi lilikuwa limejaa watu tangu saa moja asubuhi. Ndani, seva ya hesabu, yaani kompyuta inayotunza hesabu za ofisi nzima, ilikuwa imezimika usiku na haitaki kuwaka. Nilipofungua pawa saplai nilimkuta mjusi kafiri amekauka katikati ya saketi, mkia umeng'ang'ania kwenye mguu wa kapasita. Alikuwa amefuata joto. Alipounguza pawa saplai, madabodi nayo ikaondoka.

Diski ilikuwa nzima. Hesabu za wanachama zilikuwemo zote, hadi muamala wa mwisho wa jioni ile. Lakini nilipoihamishia kwenye kompyuta nyingine Windows iligoma kuwaka, kwa sababu ilisimikwa kwa ajili ya madabodi ile iliyokufa, tena kwa mtindo wa diski wa kampuni ile. Kipuri kilitoka Dar es Salaam kwa basi. Siku tatu watu walihudumiwa kwa daftari, na wengine waliotoka vijijini walilala kwa ndugu zao mjini wakisubiri fedha zao wenyewe.

Tangu siku ile, ofisi yoyote ndogo inayoniita naishauri kitu kimoja kabla ya kingine chochote: seva isifungwe kwenye chuma. Kupunguza idadi ya kompyuta na bili ya umeme ni faida ya kweli, na nitaihesabu hapa chini. Faida kubwa zaidi kwa sisi tulio mbali na maduka ya vipuri ni kwamba chuma kikifa, seva inaamkia kwenye chuma kingine siku hiyo hiyo.

Mashine pepe ni nini

Fikiria nyumba ya kupanga yenye vyumba vinne. Paa moja, mita moja, kisima kimoja, lakini kila mpangaji ana mlango wake na ufunguo wake. Kompyuta ya kawaida ni nyumba nzima anayokaa mtu mmoja, vyumba vingine vitupu. Ukiweka programu iitwayo haipavaiza, inakaa chini kabisa juu ya chuma na kugawa prosesa, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) na diski kwa mafungu. Kila fungu linajiona ni kompyuta kamili, lina Windows yake au Linux yake, anwani yake ya mtandao na nenosiri lake. Fungu hilo ndilo mashine pepe. Moja ikikwama unaizima na kuiwasha peke yake, na jirani zake hawajui.

Kwa upande wa diski, mashine pepe nzima ni data tu: mfumo endeshi, programu, hesabu na mipangilio yote vinaweza kufungwa kuwa faili moja. Faili linanakiliwa. Faili linabebwa kwenye mkoba.

Wazo hili si geni. IBM ya Marekani ilikuwa ikigawa kompyuta zake kubwa namna hii tangu miaka ya 1960. Kompyuta za bei ya watu wa kawaida zilipata nguvu hiyo vizuri Intel na AMD walipoiweka ndani ya prosesa zao, mwaka 2005 na 2006, na mwaka 2007 Linux ikapata haipavaiza yake iitwayo KVM. Kwa hiyo hata kompyuta ya ofisi ya miaka minane iliyopita, ikiwa na RAM ya kutosha, inaiweza kazi hii.

Kwanza jiulize kama unahitaji seva

Kama kazi yenu yote inafanyika kwenye mifumo ya mtandaoni ambayo seva zake ziko kwingine, na hapo ofisini mna kompyuta mbili na printa, msinunue seva. Nunueni intaneti ya pili kutoka kampuni tofauti. Nimeona shule ikinunua seva kwa fedha za wazazi, ikaishia kuwa stendi ya feni.

Mnahitaji mashine pepe ikiwa mna mifumo miwili au zaidi inayoishi hapo hapo ofisini. Mfano wa kawaida huku kwetu ni programu ya hesabu kwenye Windows, hifadhi ya mafaili ya pamoja, mfumo wa wagonjwa au wa matokeo ya wanafunzi kwenye Linux, na kile kikompyuta cha zamani chini ya meza ambacho hakuna anayethubutu kukizima kwa sababu kina kumbukumbu za miaka ya nyuma. Hapo kila kimoja kina UPS yake (betri ya kushikilia umeme ukikatika), joto lake na siku yake ya kufa.

Hatua ya kwanza: pima mzigo wa kweli

Kaa na mashine zilizopo kwa wiki moja. Kwenye Windows fungua Task Manager, kwenye Linux tumia amri ya top, na uandike kwenye karatasi RAM inayotumika, prosesa inavyofanya kazi, na diski imejaa kiasi gani. Hakikisha wiki hiyo ina siku nzito: siku ya malipo ya mnada, mwisho wa mwezi, au Jumatatu ya kliniki. Mara nyingi utakuta prosesa imelala karibu siku nzima, na kinachobana ni RAM na diski.

Sasa hesabu umeme. Tuseme mna mashine tatu na kila moja inakula wati 80 usiku na mchana. Hizo ni wati 240, yaani uniti 5.76 kwa siku, karibu uniti 173 kwa mwezi. Mashine moja nzuri inayokula wati 100 itamaliza uniti 72. Uniti 100 za LUKU kila mwezi zinabaki mfukoni, na feni au kiyoyozi cha chumba kile kinapunguziwa kazi. Wapelekee bodi karatasi hiyo. Katika uzoefu wangu mwenyekiti wa bodi huelewa uniti za LUKU haraka kuliko maelezo yoyote ya kompyuta.

Hatua ya pili: chuma

Tafuta mashine yenye prosesa ya viini sita au zaidi na RAM ya GB 64. GB 32 inatosha kwa mashine pepe tatu nyepesi, lakini ukipata fedha za ziada zimalizie kwenye RAM. Prosesa wapangaji huazimana bila kugombana. RAM ikiisha, nyumba nzima inasimama.

Diski ziwe mbili za SSD (diski zisizo na sehemu inayozunguka) zinazolingana, zinazoandika kitu kilekile kwa pamoja, mpangilio uitwao RAID 1. Moja ikifa kazi inaendelea mpaka nyingine ifike. Chagua SSD za daraja la seva ukiweza, kwa sababu zile za laptopu za bei rahisi huchakaa upesi zikiandikwa mfululizo.

Seva iliyotumika si aibu, ila ifungue kabla ya kulipa. Angalia meno ya RAM na soketi za ndani. Mashine iliyokaa miaka miwili Shangani au Mikindani hapa Mtwara, dirisha likitazama bahari, utaiona kwa kutu ya kahawia kwenye skrubu na ukungu wa kijani kwenye shaba. Hiyo iache.

Na hapa usikose: tenga kompyuta ya pili. Ukiweka mifumo yote kwenye mashine moja bila ya akiba, umekusanya misiba yako yote mahali pamoja. Ya pili isiwe ya gharama. Kompyuta moja ya kawaida ya ofisini, yenye RAM ya GB 16 au 32, inatosha kuamsha mfumo wa hesabu na mfumo wa wagonjwa wakati kubwa inatengenezwa.

Hatua ya tatu: chumba na umeme

Weka mashine kwenye chumba kinachofungwa, juu ya meza na si sakafuni, mbali na dirisha la upande wa bahari. Matundu yote ya nyuma yasiyotumika yazibe kwa wavu mwembamba unaopitisha hewa, wavu wa mbu wa dirishani unafaa kabisa. Yule mjusi wa Masasi alipita kwenye tundu la kadi lililoachwa wazi. Kila miezi mitatu fungua, puliza vumbi, angalia feni.

UPS iwe ya kutosha kwa dakika kumi, na iwe na waya wa USB wa kuunganisha na seva. Waya huo wengi huuacha kwenye boksi, na ndio wenye maana kubwa kuliko betri yenyewe. Kupitia huo, programu iitwayo NUT inaiambia seva kwamba umeme umekatika na betri inaelekea kuisha, na seva inazima mashine pepe moja moja kwa utaratibu kabla giza halijaingia. Hifadhidata inayozimwa ghafla mara kwa mara huharibika kimyakimya, na utagundua siku ya ukaguzi.

Hatua ya nne: simika haipavaiza

Mimi natumia Proxmox VE. Imejengwa juu ya Debian na KVM, haina ada ya lazima, na unaiendesha kwa kivinjari cha kawaida. Hyper-V ya Microsoft nayo ni nzuri kwa ofisi ambayo tayari imelipia Windows Server. VMware ilikuwa chaguo la wengi kwa miaka, lakini baada ya kununuliwa na Broadcom mwezi Novemba 2023 iliacha kuuza leseni za kudumu, na malipo ya kila mwaka ni mzigo kwa chama kidogo.

Ingia kwenye BIOS kwanza, mipangilio ya ndani ya kompyuta inayofunguliwa inapoanza kuwaka. Washa uwezo wa mashine pepe: kwa Intel huitwa VT-x, kwa AMD huandikwa SVM. Usipowasha, haipavaiza itakaa lakini mashine pepe zitakataa kuwaka. Papo hapo tafuta mpangilio wa umeme unaoiambia mashine ijiwashe umeme ukirudi.

Pakua Proxmox ukiwa na intaneti nzuri, iandike kwenye flashi, washia hapo. Itakuuliza diski, chagua zote mbili na ZFS (mfumo wa kupanga diski) ya RAID 1. Itakuuliza anwani ya mtandao. Mpe ya kudumu isiyobadilishwa na rauta, uiandike kwenye karatasi. Dakika kumi na tano baadaye, kwenye kompyuta nyingine yoyote ya ofisi, fungua anwani hiyo kwa mlango (port) 8006. Kivinjari kitalalamika kuhusu cheti cha usalama. Kwa mara hii, ndani ya ofisi, endelea. Mashine hiyo yenye haipavaiza sasa haiguswi. Usisimike programu ya hesabu juu yake, usichomeke flashi za watu, na mlango 8006 usifunguliwe kwa intaneti hata siku moja, kwa sababu anayeingia hapo ameingia vyumba vyote.

Hatua ya tano: hamisha mifumo, mmoja baada ya mwingine

Anza na ule usio na uzito, hifadhi ya mafaili kwa mfano. Hesabu ziwe za mwisho, na zihamishwe Ijumaa jioni nje ya msimu.

Kwa mfumo mpya, tengeneza mashine pepe na usimike Windows au Linux kama kawaida. Jambo moja huwakatisha tamaa wengi: kisimikaji cha Windows kitasema hakuna diski. Diski ipo. Inahitaji draiva za VirtIO, viprogramu vinavyoifanya Windows itambue vifaa vya mashine pepe, ambazo unazipakua kama faili la ISO na kuziweka kwenye mashine pepe kama CD ya pili, kisha unabonyeza kupakia draiva na diski inajitokeza.

Kwa mashine ya zamani ambayo hakuna tena CD yake wala aliyeisimika, usiisimike upya. Endesha Disk2vhd, kiprogramu cha bure cha Microsoft, hapo hapo ikiwa inawaka, nacho kitakuandikia diski nzima kuwa faili kwenye eksteno, diski ya nje ya kuchomeka. Faili hilo unaliingiza kwenye Proxmox kwa amri ya qm importdisk. Mara ya kwanza liunge kama diski ya SATA; ukishasimika draiva za VirtIO ndani ndipo ubadilishe. Kama mashine ya zamani ilikuwa inawaka kwa BIOS ya zamani chagua SeaBIOS, kama ilikuwa kwa UEFI, mrithi wa BIOS, chagua OVMF. Ukikosea hapo utaona skrini nyeusi tu na kudhani umepoteza kila kitu, kumbe ni mlango usio wake.

Leseni nazo zina maneno yake. Windows iliyokuja imebandikwa kwenye kompyuta kiwandani kwa kawaida imefungwa na kompyuta ile, haihami nayo. Windows Server Standard, viini vyote vya mashine vikishalipiwa, inaruhusu mashine pepe mbili za Windows juu yake. Linux haina deni hilo, ndiyo maana hifadhi ya mafaili naiweka Linux.

Tulipomaliza kuhamisha ile SACCOS, mama mhasibu alikuja akasimama mlangoni akatazama meza tupu.

"Mwanangu, sasa seva yangu iko wapi?"

"Shikamoo mama. Imo humu, pamoja na ile ya mafaili na ile ya meseji."

"Marahaba. Humu ndani zote? Na hii ikifa?"

Lilikuwa swali bora kuliko yote niliyoulizwa na bodi, na jibu lake ni hatua zinazofuata.

Hatua ya sita: utaratibu wa kuwaka

Kwenye mipangilio ya kila mashine pepe washa chaguo la kujiwasha pamoja na seva, kisha panga foleni: hifadhidata namba moja, subiri sekunde 120, programu inayoitegemea namba mbili, mafaili namba tatu. Ijaribu kwa kuzima na kuwasha seva ukiwa umesimama hapo. Umeme ukirudi saa tisa usiku, ofisi ikifunguliwa saa mbili kila kitu kiko tayari na hakuna aliyekupigia simu.

Hatua ya saba: bakapu

Proxmox ina uwezo wa kupiga picha ya mashine pepe kwa sekunde chache, inaitwa snapshoti. Itumie kabla ya kusasisha programu. Mambo yakiharibika unarudi ulipokuwa. Lakini snapshoti inakaa kwenye diski zilezile. Diski zikiibwa au kuungua, nayo imekwenda. RAID 1 ni hivyo hivyo: mtu akifuta kwa makosa, zinafuta zote mbili kwa utiifu. Bakapu ni nakala nyingine, mahali pengine.

Panga hivi. Kila usiku saa saba, seva inakili mashine pepe zote kwenda kwenye kompyuta ile ya pili. Kila Ijumaa, mtu mmoja anayejulikana kwa jina anachomeka eksteno, ananakili, anaichomoa na kuondoka nayo. Eksteno ziwe mbili za kupokezana, A na B, moja daima iwe nje ya jengo. Ile iliyochomolewa ndiyo itakayowaokoa siku virusi vya kufunga mafaili na kudai fidia vikiingia, maana visipoiona haviwezi kuifunga.

Eksteno hiyo ina majina, namba za simu, akiba na madeni ya watu, au magonjwa yao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawataka mzilinde. Ifungeni kwa nenosiri kwa usimbaji wa diski nzima, na nenosiri liwe kwenye bahasha iliyofungwa ndani ya sefu, si kwenye kichwa cha mtu mmoja.

Watu huniuliza kwa nini wasitume kila kitu kwenye wingu, yaani seva za mbali kwenye intaneti, na kulala. Tumeni, kama mtandao unaruhusu, lakini msiitegemee peke yake. Mei 2024 ilitufundisha. Mwanzoni mwa mwezi kimbunga Hidaya kilifika pwani, mafuriko yakakata barabara ya Dar es Salaam wilayani Kilwa, na magari ya Lindi na Mtwara yakakwama. Tarehe 12 ya mwezi huo huo nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikapata hitilafu, intaneti ikadorora nchi nzima. Ndani ya wiki mbili hizo kulikuwa na siku ambazo kipuri hakikuweza kuja kwa barabara, na siku ambazo nakala haikuweza kushuka vizuri kutoka wingu. Aliyekuwa na eksteno kabatini na kompyuta ya pili mezani alikuwa na kila alichohitaji ndani ya wilaya yake.

Hatua ya nane: jaribu kufufua

Bakapu ambayo haijawahi kurudishwa usiihesabu. Kila miezi mitatu chukua eksteno, nenda kwenye kompyuta ya pili, chomoa waya wake wa mtandao ili isigongane na seva inayofanya kazi, na urudishe mfumo wa hesabu. Tumia saa. Mashine pepe ya GB 120, eksteno ikisoma MB 100 kwa sekunde, inarudi kwa dakika 20 hivi. Kisha mwite mhasibu, si fundi, aingie kwa nenosiri lake, afungue daftari la mwanachama anayemfahamu na alinganishe salio na ripoti ya Ijumaa. Yeye ndiye anayejua namba sahihi.

Mama yule wa Masasi tulimketisha hivyo. Alivaa miwani, akatafuta akaunti yake mwenyewe, akasoma salio kwa sauti, kisha akafungua pochi akatoa risiti ya wiki ile na kuziweka sambamba. Zililingana hadi shilingi ya mwisho. Akaniomba nimwandikie hatua za kuwasha, kwa mkono wangu, kwa herufi kubwa.

Andika na wewe. Karatasi moja: anwani ya seva, foleni ya kuwasha, eksteno ipi iko kwa nani, tarehe ya jaribio la mwisho na dakika zilizotumika. Ifunike kwa nailoni, maana unyevu wa huku hula karatasi, na uibandike ubavuni mwa mashine.